Gari likiungua, tafuta chanzo kabla ya kutafuta fundi

Moto wa gari ukishazimwa, mwenye gari huandamwa na maswali: nani atalipa, gari litatengenezeka au ndiyo basi, na likitengenezwa litakuwa salama? Maswali hayo hupelekwa kwa watu mbalimbali, hili kwa wakala wa bima, lile kwa fundi bodi, jingine kwa fundi umeme, kana kwamba hayahusiani. Yanahusiana sana. Yote yanasubiri jibu la swali moja linaloyatangulia: moto ulianzia wapi, na kwa sababu gani? Mwenye jibu hilo, tena lenye ushahidi, ana nguvu mbele ya kampuni ya bima na anajua fundi wake aanzie wapi. Asiye nalo atabaki kubishana kwa maneno matupu, na gari lake litarudi barabarani na hitilafu ileile iliyoliunguza. Na bado, katika miji yetu, chanzo cha moto ndicho kitu cha kwanza kupotea.

Hupotea kwa nia njema. Wasamaria wema humwaga maji na mchanga, gari huvutwa na bredidauni hadi gereji ya jirani, na kabla jua halijazama fundi amekwisha kukata waya zilizoungua, amefungua mipira ya mafuta iliyoyeyuka na kuitupa kwenye pipa la taka, ili aone ukubwa wa kazi na ataje bei. Mkadiriaji wa hasara wa kampuni ya bima anafika siku kadhaa baadaye na kukuta injini imesafishwa. Hapo ndipo mgogoro unapozaliwa. Mwenye gari anaamini kwamba kampuni inatafuta sababu ya kukwepa kulipa. Kampuni nayo inashuku kwamba kuna jambo linafichwa. Wote wawili wanabishania kitu ambacho kilikuwepo, kikashikwa kwa mkono, kikatupwa.

Dakika za mwanzo zenyewe hazina mjadala mrefu. Moshi ukionekana, simama kando ya barabara, zima injini ili pampu ya mafuta iache kusukuma, toa watu wote na mkae mbali upande upepo unakotokea, kwa sababu sponji za viti na plastiki zikiungua hutoa gesi zenye sumu, zikiwemo monoksidi ya kaboni na sianidi. Piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nchini Tanzania. Boneti isifunguliwe wazi, maana hewa ikiingia kwa wingi moto hupata nguvu ghafla. Kama mtungi upo, elekeza unga wake kwenye upenyo mdogo wa boneti. Mtungi wa kilo moja, ule ambao madereva wengi huununua kwa ajili ya ukaguzi wa trafiki, humaliza unga wake ndani ya sekunde kumi hivi. Ni silaha ya moto mchanga tu. Moto ukishapita kwenye dashibodi, acha gari liungue. Kuhusu kusogelea mafuta yaliyomwagika, Tanzania ilikwisha kulipa gharama kubwa kule Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, ambako lori la mafuta lililopinduka lililipuka na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Hakuna mzigo, simu wala begi linalostahili mtu arudi ndani.

Baada ya hapo ndipo kazi ya kutafuta chanzo inapoanza, na inafaa kujua mambo yanayowasha magari. Gari la petroli hubeba mafuta ambayo mvuke wake huweza kushika moto hata kwenye baridi chini ya nyuzi sifuri, na hubeba pia eksozi ambayo moto wake huzidi nyuzi 500 injini inapofanya kazi ngumu. Usalama wa gari zima unategemea vitu hivyo viwili visikutane. Kinachovitenganisha ni mpira, klipu na sili, na hivi huzeeka. Mpira wa mafuta hukauka, ukapata nyufa ndogo zisizoonekana bila kuukunja. Ubaya ni pale unapobadilishwa na mpira wowote uliopatikana dukani kwa kipimo cha unene tu. Magari ya zamani ya kabureta yalisukuma mafuta kwa mgandamizo mdogo. Magari ya nozeli husukuma kwa mgandamizo wa takribani mara kumi zaidi. Mpira uliotengenezwa kwa ajili ya kabureta ukifungwa kwenye gari la nozeli utafanya kazi leo na wiki ijayo, kisha utapasuka au kuchomoka kwenye klipu, na petroli itatoka kama mvuke juu ya injini ya moto. Dizeli haishiki moto upesi kiasi hicho, lakini ikimwagika kwenye eksozi huwaka vilevile. Oili ya injini na mafuta ya giaboksi nayo pia.

Umeme ndio unaotuhusu zaidi, kwa kuwa hapo mikono yetu wenyewe imeingia. Gari linapotoka kiwandani, kila waya ina unene unaolingana na kazi yake, na karibu kila njia ya umeme ina fyuzi iliyochaguliwa ife kabla waya haijapata moto. Kazi ya fyuzi ni hiyo tu, kufa mapema. Chukua mfano wa taa za mbele zenye balbu mbili za wati 55: kwa betri ya volti 12, zinakula ampia zipatazo 9. Mwenye gari akitaka mwanga mkali akafunga balbu za wati 100 kila moja, mahitaji yanapanda hadi zaidi ya ampia 16. Fyuzi ya ampia 15 itazidiwa na inaweza kukatika. Fundi mwangalifu angefunga rilei na waya nene kutoka kwenye betri, yenye fyuzi yake. Fundi mwenye haraka ataweka fyuzi ya 30, au atazungushia kipande cha waya mahali pa fyuzi, na taa zitawaka vizuri mno. Kuanzia siku hiyo, waya ya kiwandani imegeuzwa kuwa fyuzi, na ikifa itakufa ndani ya plastiki, sponji na kapeti. Vivyo hivyo kwa alamu, redio yenye spika kubwa, kamera, kifaa cha kufuatilia gari na honi za ziada, ambavyo vingi huungwa kwa kusokota waya na kuzungushia tepu. Tepu hulegea kwa joto. Kiungo kilicholegea hupata moto, na moto huo fyuzi haiuoni, kwa sababu umeme unaopita haujazidi kiwango.

Si haki kuwabebesha mafundi lawama yote. Magari hutoka viwandani na kasoro, na hapa sisi tunaonunua magari yaliyotumika Japani tuna pengo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Oktoba 2012, Toyota iliita yarudishwe kurekebishwa magari yapatayo milioni 7.4 duniani kwa sababu ya swichi ya vioo upande wa dereva: ilikuwa ikikwama, na mtu akipuliza mafuta ya kulainisha yasiyofaa, swichi iliweza kuyeyuka na kutoa moshi au moto. Vitz na Corolla zilikuwa miongoni mwake. Wito wa namna hiyo hutumwa kwa mmiliki aliyeandikishwa kule. Gari likishapanda meli kuja Dar es Salaam au Mombasa, barua haimfuati mnunuzi. Toyota Japani ina ukurasa wa kukagua wito kwa namba ya chesisi, na ni kazi ya dakika chache ambayo muuzaji wa yadi angeweza kumfanyia kila mteja. Hatudai hivyo kwa kuwa tumezoea kuuliza gari limetembea kilomita ngapi na rangi yake ni ya kiwandani.

Sasa, je, chanzo kinaweza kujulikana baada ya moto? Wengi hudhani majivu hayasemi kitu. Yanasema, ila yanahitaji kuachwa yalivyo. Mchunguzi huanza pale palipoungua kidogo na kwenda palipoungua zaidi. Huangalia mahali aluminiamu ilipoyeyuka, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na hivyo huchora ramani ya joto. Hutafuta ncha za waya za shaba zilizoganda kama shanga ndogo, alama ya umeme kurukaruka, maana shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 na moto wa kawaida wa plastiki si rahisi kuifikisha huko. Hata hivyo shanga peke yake haitoshi: moto ulioanza kwa petroli nao ukichoma ganda la waya yenye umeme huacha shanga zilezile. Ndiyo maana mchunguzi anahitaji kisanduku cha fyuzi kilichoungua, mabaki ya mipira, klipu, na picha za gari kabla halijaguswa. Fundi aliyekata waya ili akadirie bei hakufanya uovu wowote. Ametoa kurasa za katikati kwenye kitabu, na hakuna atakayeweza kukisoma tena.

Hoja hii inagusa moja kwa moja karatasi ya bima. Sheria ya Bima ya Magari ya Tanzania, Sura ya 169, na ile ya Kenya, Sura ya 405, zinamlazimisha mwenye gari kukata bima ya kuwalinda watu wengine watakaoumizwa au kuuawa na gari lake. Hazimlindi yeye wala gari lake. Kwa hiyo aliye na bima hiyo tu, inayoitwa bima ndogo, gari lake likiteketea, hana dai. Inawezekana hata akashuhudia jirani aliyeegesha ubavuni akilipwa na yeye akaondoka mikono mitupu. Bima kubwa hulipa hasara ya moto, na kati yake na bima ndogo ipo ya tatu ambayo mawakala wengi hawaitaji bila kuulizwa: ile inayoongeza moto na wizi juu ya bima ndogo, kwa bei ya katikati. Kwa gari lenye umri ambao kampuni hukataa kulikatia bima kubwa, hiyo ya katikati ndiyo ya kuulizia kwanza.

Mtu atasema hizo ni hesabu za wenye nazo. Tuzifanye, basi. Bima ndogo ya gari binafsi Tanzania imezoeleka kuwa shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Bima kubwa huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la shilingi milioni 8 litatozwa 280,000, na VAT ya asilimia 18 ikiongezwa, 330,400. Tofauti ni 212,400 kwa mwaka, yaani 17,700 kwa mwezi. Si pesa ndogo kwa mwalimu au mwenye duka la mtaani, na sitaki kujifanya kwamba ni ndogo. Lakini mtu huyohuyo amekusanya milioni nane kwa miaka, pengine kwa mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, na mkopo hauungui pamoja na gari. Anayeweza kununua gari jingine kesho abaki na bima ndogo bila wasiwasi. Asiyeweza ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kulipa tofauti hiyo, na kwa kawaida ndiye asiyeilipa.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalosikika kila kijiwe: hata ukilipa, kampuni za bima hazilipi. Lina chembe ya ukweli na lina sehemu ambayo tunaisababisha sisi. Mikataba ya magari ya Afrika Mashariki imejengwa juu ya mfumo wa Uingereza, na katika sehemu ya hasara za gari lenyewe kwa kawaida hutaja moto, mlipuko wa nje, gari kujiwasha lenyewe na radi. Kujiwasha lenyewe kumetajwa. Ukurasa unaofuata, mkataba huohuo huondoa uchakavu na kuharibika kwa mitambo au umeme. Kampuni isiyotenda haki huvisoma vifungu hivi kwa namna moja: moto ulitokana na waya, waya ni umeme, kwa hiyo hatulipi. Usomaji huo hausimami. Kilichoondolewa ni gharama ya waya yenyewe iliyokufa kwa uzee. Moto uliozaliwa na waya hiyo ni moto, na ndio uliokatiwa bima. Kama kila moto wenye asili ya umeme ungeondolewa, maneno ya gari kujiwasha lenyewe yangebaki bila kazi ndani ya mkataba. Mwenye gari anayejua hili, na mwenye ripoti inayoonyesha hitilafu ilianzia wapi, haombi huruma anapoingia ofisini.

Kuna shaka nyingine ambayo kampuni hupenda kuileta: gari liliwaka likiwa limeegeshwa usiku, injini baridi, hivyo lazima lilichomwa. Udanganyifu upo, na kampuni zina haki ya kuchunguza. Lakini Septemba 2023, Hyundai na Kia ziliita magari yapatayo milioni 3.37 nchini Marekani kwa sababu kifaa cha mfumo wa breki kiliweza kuvuja ndani, kikaleta shoti na moto hata gari likiwa limezimwa, na wenye magari wakaambiwa waegeshe nje, mbali na nyumba, hadi yatengenezwe. Gari lililolala linaweza kuwaka. Anayedai kwamba lilichomwa alete ushahidi wa kuchomwa. Saa ya tukio peke yake haithibitishi kitu.

Upande wetu, makosa ni ya aina nyingine. Gari limeandikishwa kuwa la binafsi huku likibeba abiria wa programu za simu kila jioni. Thamani imetajwa juu kwa kudhani fidia itakuwa hiyo, ilhali kampuni hulipa thamani ya soko ya siku ya hasara na kiasi kilichoandikwa ni dari tu. Au imetajwa chini kuokoa ada, na baadhi ya mikataba hupunguza fidia kwa uwiano huohuo. Mfumo wa gesi umefungwa au injini imebadilishwa na kampuni haikuambiwa. Fundi ameanza kazi kabla ya kibali, wakati mikataba mingi huruhusu bila kibali gharama ya kuvuta gari na matengenezo madogo ya dharura tu. Na stika haikuhakikiwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, hivyo siku ya moto inagundulika kuwa ni ya kughushi. Aliyetimiza wajibu wake na bado akakataliwa, Tanzania ina ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009 ili mtu wa kawaida asilazimike kuanzia mahakamani. Nako huko watauliza: ushahidi uko wapi? Picha, taarifa ya polisi, ripoti ya Zimamoto, risiti za matengenezo ya nyuma. Naamini pia kwamba TIRA ingetenda haki kubwa kwa kuzilazimisha kampuni kumpa kila mteja sehemu ya hasara na vighairi vyake kwa Kiswahili, maana mikataba mingi bado huandikwa kwa Kiingereza na mteja huweka saini kwenye kitu asichokisoma.

Mafundi nao wana neno lao. Husema kusubiri uchunguzi ni kumchelewesha mtu mwenye kazi, na kwamba fundi mzoefu hahitaji ripoti kujua kilichotokea. Uzoefu wao ni wa kweli, na mara nyingi fundi umeme wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ataona chanzo kabla ya mkadiriaji aliyevaa tai. Basi auandike. Karatasi moja yenye picha, sehemu iliyoanza, kilichokuwa kimeongezwa na sahihi yake itamsaidia mteja kuliko bei ya haraka. Kuchelewa kuna hatari yake ya kweli, ila si ile inayotajwa. Unga wa mtungi ukishika unyevu hula chuma na viungo vya kompyuta ya injini, na masizi ya waya za PVC yana asidi. Gari lililoungua kidogo likaachwa nje mwezi mzima huendelea kuharibika kimyakimya. Kwa hiyo piga picha siku hiyohiyo, dai kwa maandishi mkadiriaji aje upesi, na akishamaliza, usafi uanze mara moja.

Matengenezo yenyewe yapimwe kwa chanzo, siyo kwa rangi. Makadirio mengi hupangwa kwa kile kinachoonekana: boneti, taa, bampa, kupiga rangi. Kinachoamua kama gari litakuwa salama kiko ndani. Ganda la waya huathiriwa na joto mbali kuliko pale lilipoyeyuka. Likikunjwa na kuvunjika kama ukoko, waya hiyo yote ibadilishwe hadi kwenye plagi yake, isiungwe katikati. Mipira ya breki na ya mafuta iliyopitiwa na joto ibadilishwe hata kama inaonekana nzima. Mikanda ya viti nayo ikaguliwe. Na kile kilichowasha moto kitajwe kwenye ankara kwa jina, pamoja na kilichofanywa kukiondoa. Ankara yenye mistari kumi ya bodi na rangi, bila mstari mmoja unaoeleza kwa nini gari liliwaka, mwenye gari asiipokee, na kampuni ya bima isiilipe, kwa sababu kampuni hiyo ndiyo itakayolipa moto wa pili.

Likishindikana kutengenezwa, fidia ikalipwa, mabaki huwa mali ya kampuni na mara nyingi huuzwa kwa mnada. Kutoka hapo waya, visanduku vya fyuzi na kompyuta zilizonusurika kwa macho huingia kwenye maduka ya spea zilizotumika, na kichwa cha gari huweza kuunganishwa na mwili mwingine likarudi barabarani kwa namba ileile. Mnunuzi hana pa kuuliza. Mamlaka ya Mapato, TRA, inaandikisha magari Tanzania, na Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, Kenya. Kampuni za bima zina orodha ya kila gari lililolipiwa kama hasara kamili. Orodha hizo zikiunganishwa na kumbukumbu za usajili, ili anayenunua gari aone kwa namba ya chesisi kwamba liliwahi kuungua, chanzo kilikuwa nini na kama mkaguzi aliliruhusu kurudi, hakuna sheria kubwa mpya itakayohitajika ili kuanza. Kwa sasa taarifa hizo zinakaa kwenye mafaili ya madai, na gari liko sokoni.